Kifafa cha Mimba: Si Pepo, Wala Si Jua la Kariakoo

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa ambao kila familia yenye binti, mke au mkwe mjamzito yapasa kuufahamu, nao ni kifafa cha mimba. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, akina mama bado wanaletwa hospitali wakiwa wamechelewa, wengine baada ya kuzungushwa kwa waganga, wengine baada ya kumeza panadol wiki nzima. Pili, katika miaka ya karibuni maelfu ya akina mama wa hapa hapa Dar es Salaam wamekubali kushiriki katika utafiti juu ya ugonjwa huu na juu ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Matokeo yake yamesomwa na madaktari dunia nzima, lakini majirani wa akina mama hao, yaani sisi tunaosali nao katika jumuiya, hatujaambiwa lolote. Hilo si haki, na leo nitajaribu kulirekebisha kidogo.

Jina linalopotosha

Jina la ugonjwa huu linawapotosha wengi. Watu wakisikia neno kifafa hudhani ni kile kifafa cha kawaida, kwamba mama huyo alikuwa nacho tangu utotoni na ukoo wake ulificha wakati wa posa. Sivyo. Mwanamke ambaye hajawahi kuanguka hata siku moja anaweza kupata kifafa cha mimba, na akishatibiwa na kupona, kwa kawaida degedege hilo halimrudii katika maisha yake ya kila siku. Wala hauambukizi.

Ugonjwa wenyewe huanza kimya kimya, miezi mingi kabla ya kuanguka, na huanzia kwenye kondo la nyuma. Mimba inapokuwa changa, kondo hujichimbia katika ukuta wa mfuko wa uzazi, na mishipa ya damu ya mama mahali hapo hupanuka ili damu ya kumlisha mtoto ipite kwa wingi. Kwa baadhi ya akina mama upanuzi huo haukamiliki. Mishipa hubaki myembamba, kondo hupata damu haba, nalo huanza kumwaga katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa midogo ya mwili mzima. Ndipo presha inapopanda. Ninyi mnaokaa kwenye maghorofa ya Kariakoo mtanielewa upesi: bomba likiwa jembamba, pampu hulazimika kusukuma kwa nguvu, na mwisho viungio huanza kuvuja. Katika mwili wa mama panapovuja ni kwenye figo, na kwa hiyo protini huonekana katika mkojo. Ini nalo huumia, macho hupata ukungu, na ubongo ukizidiwa ndipo mama huanguka na kutupa mikono na miguu. Kwa nini mishipa ya mama mmoja hupanuka vizuri na ya mwingine haipanuki, wataalamu wanaendelea kuchunguza.

Tunasema mama ana tatizo hili pale presha yake inapofika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, pamoja na protini katika mkojo au dalili nyingine za viungo kudhurika. Ikifika 160 kwa 110 hiyo ni hatari kubwa, na mama huyo harudi nyumbani siku hiyo.

Walio katika hatari zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, waliowahi kuupata katika mimba iliyotangulia, wenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo tangu kabla, wanene kupita kiasi, pamoja na wale ambao mama au dada zao waliugua. Umri nao una sehemu yake, hasa ukipita miaka 35. Lakini nawaomba msishike orodha hii kama kinga. Nimewaona wengi waliougua ambao hawamo katika orodha hiyo.

Kichwa cha jua

Sasa tuje mitaani kwetu. Mama mjamzito anayeuza vitenge au vyombo Mtaa wa Kongo amesimama tangu asubuhi, watu wanamsukuma, jua kali, maji ya kunywa amejinyima kwa sababu choo cha karibu ni cha kulipia. Jioni kichwa kinamgonga. Nani atamlaumu akisema ni jua? Anapita duka la dawa, anameza vidonge viwili, analala. Kesho vivyo hivyo. Siku ya tatu anasikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, anadhani ni vidonda vya tumbo, anarudi duka lile lile kununua magnesi ya kutafuna. Miguu imevimba, lakini miguu ya wajawazito wengi huvimba, basi hajali. Ila siku hizi uso nao umejaa, na pete ya ndoa haivuki tena.

Katika maelezo hayo zimo karibu dalili zote za hatari: maumivu makali ya kichwa yasiyosikia dawa, maumivu ya juu ya tumbo, kuvimba uso na vidole. Ziongezeni kuona nyota nyota au ukungu, kichefuchefu kinachoanza upya mimba ikiwa kubwa, na mkojo kupungua. Hata moja tu ya dalili hizi baada ya mwezi wa tano ni sababu ya kufunga biashara na kwenda kupimwa siku hiyo hiyo. Kutoka sokoni hadi Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu tu, na Muhimbili haiko mbali. Sisemi hivi kwa kuwadharau wanaotafuta riziki. Najua kibanda kikifungwa siku moja, jioni nyumbani wanalala na njaa. Lakini kupima presha ni kazi ya dakika chache, na mkojo vivyo hivyo.

Jambo gumu zaidi ni kwamba wako wanaopandisha presha bila kusikia chochote. Mama anajiona mzima kabisa, anacheka na wenzake kwenye benchi la kliniki, kumbe kipimo kinasoma 150 kwa 100. Ndiyo maana tunawasihi waanze kliniki mapema, kabla ya mwezi wa nne, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mahudhurio yasipungue 8. Kuja kliniki mwezi wa saba ili upate kadi tu hakutusaidii sana, maana hatuna presha ya mwanzo ya kulinganisha.

Akishaanguka

Mama akianguka nyumbani, mara nyingi neno la kwanza kutamkwa ni pepo, na la pili ni mke mwenza au jirani. Nimesikia mama mkwe akiniambia mlangoni, “Sista, huyu si wa hospitali, huyu ana kitu cha kwao.” Mama wa watu alikuwa na presha ya 180. Kwa ukweli namheshimu mama yule, kwa sababu pamoja na imani yake hiyo alikuwa amekubali kumleta.

Mwenye kuanguka alazwe ubavu wa kushoto, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza. Msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Msimnyweshe maji, uji wala dawa ya kienyeji, vitaingia mapafuni. Msimfukize. Mmoja atafute bajaji au gari, mwingine achukue kadi ya kliniki, na safari ianze hata kama degedege limetulia, kwa kuwa la pili laweza kuwa karibu. Sala iendelee njiani. Padre mkimwita atakuja hospitali kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu, wala Kanisa halifundishi kwamba mgonjwa acheleweshwe kwa daktari ili asaliwe kwanza.

Hospitalini dawa kubwa ni sindano ya magnesiamu salfeti. Hii siyo ile magnesi ya kutafuna niliyoitaja, tafadhali msizichanganye. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliowahusisha akina mama 10,141 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano hiyo ikitolewa kwa mama mwenye presha ya mimba kabla hajaanguka, hatari ya kuanguka hupungua kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya bei nafuu. Pamoja nayo hutolewa dawa za kushusha presha. Hata hivyo, tiba hasa ya ugonjwa huu ni mtoto na kondo kutoka. Zingine zote ni za kumlinda mama hadi saa hiyo. Ndiyo sababu daktari anaweza kuamua mtoto azaliwe wiki ya 32, na ndugu hushangaa au hata kukasirika. Nitarudi kwa mtoto huyo.

Kidonge kimoja au vitatu?

Je, ugonjwa huu waweza kuzuiwa? Hapa ndipo tunapofikia akina mama wa Dar es Salaam.

Habari hii ina mwanzo wa mbali kidogo. Mwaka 1980 madaktari wawili, José Belizán na José Villar, waliandika juu ya Wahindi wa Kimaya wa Guatemala, watu maskini sana ambao wanawake wao hawakupata kifafa cha mimba kwa wingi uliotazamiwa. Madaktari hao walitazama chungu. Wamaya huloweka mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo ni kalsiamu, yaani madini yale yale yanayojenga mifupa na meno. Huko Ethiopia nako iliwahi kuonekana kuwa ugonjwa ni nadra, na chakula chao kina kalsiamu nyingi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili ukikosa kalsiamu katika chakula, homoni zinazoitafuta hupanda, na kuta za mishipa ya damu hukaza.

Majaribio mengi yakafuata. La Marekani la mwaka 1997, lenye akina mama zaidi ya 4,500, halikuona faida, lakini wanawake wale walikuwa wakipata kalsiamu ya kutosha katika chakula chao. Jaribio la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2006, katika nchi ambazo chakula kina kalsiamu haba, halikupunguza sana idadi ya wenye presha, ila wale walioumwa hawakufikia hali mbaya kwa wingi kama wenzao. Kutokana na haya na mengine, mwaka 2011 Shirika hilo lilishauri kwamba mahali penye upungufu mjamzito apewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kila siku.

Ushauri mzuri, lakini ulikwama njiani. Gramu moja na nusu ni vidonge vikubwa vitatu kila siku kwa miezi mitano, tena visimezwe pamoja na vidonge vya damu kwa kuwa kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Mama mwenye kichefuchefu atameza vidonge vingapi kwa siku? Na Serikali ya nchi isiyo tajiri itanunua malori mangapi? Katika nchi nyingi ushauri huo ulibaki kwenye karatasi.

Basi watafiti wakauliza swali rahisi: je, kidonge kimoja cha nusu gramu hakitoshi? Swali hilo lilipelekwa mahali pawili, Bengaluru nchini India na hapa Dar es Salaam. Kila mji ulichukua akina mama 11,000, wote wa mimba ya kwanza na walioanza kabla ya wiki ya 20. Kwa upande wa India kazi ilifanyika chini ya taasisi ya utafiti ya Mtakatifu Yohane, ambayo ni ya Maaskofu Katoliki wa nchi ile. Hapa kwetu walishirikiana wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao, pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani. Kila mama alimeza vidonge vitatu kwa siku. Kwa nusu yao vyote vitatu vilikuwa na kalsiamu. Kwa nusu nyingine kimoja tu kilikuwa nayo, na viwili vilikuwa vitupu lakini vinafanana kabisa na vile. Si mama wala muuguzi aliyejua nani anameza nini. Hufanywa hivyo ili macho yetu na matumaini yetu yasipotoshe hesabu.

Matokeo yalichapishwa Januari 2024. Katika Dar es Salaam, kati ya kila akina mama 1,000 waliopata kidonge kimoja, 30 walipata presha ya mimba yenye kudhuru viungo. Kati ya 1,000 waliopata vitatu, walikuwa 27. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuhesabiwa kuwa ni kitu. Huko India walikuwa 30 kwa kidonge kimoja na 36 kwa vitatu. Yaani kimoja hakikuwa duni kuliko vitatu. Kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati, India jibu lilikuwa lile lile. Kwetu walikuwa 104 kati ya 1,000 kwa kidonge kimoja na 97 kwa vitatu, na hapo watafiti walisema wazi kwamba tofauti ni ndogo lakini hesabu haikutosha kuapa kuwa viko sawa. Mimi nawapenda watafiti wanaosema hivyo.

Yafaa pia ieleweke kwamba utafiti huu haukuwa na kundi lililonyimwa kalsiamu kabisa. Haukuuliza kama kalsiamu inafaa, bali uliuliza kiasi gani kinatosha. Kwa hiyo asije mtu akasema “wamegundua dawa ya kifafa cha mimba”. Kidonge hakiondoi haja ya kupimwa presha hata mara moja. Ila kama kimoja kinatosha, basi mzigo wa mama na wa bohari ya dawa unabaki theluthi moja, na ule ushauri wa kwenye karatasi unaweza kufika hadi mezani. Muulizeni muuguzi wa kliniki yenu kabla ya kununua wenyewe, hasa mwenye historia ya mawe katika figo. Akipewa, amezee chakula cha mchana, na vidonge vya damu avimeze usiku.

Na chakula je? Tazameni sahani zetu: ugali wa sembe, wali, maharage, chai ya rangi. Kalsiamu ni kidogo. Lakini sokoni Kariakoo dagaa wamerundikwa, na dagaa akiliwa mzima na mifupa yake ni kalsiamu tupu, tena kwa bei inayoshikika kuliko nyama. Glasi moja ya maziwa au mtindi inatoa karibu miligramu 300. Mchicha ni mzuri kwa mengi, ila kalsiamu yake mwili hauichukui kwa urahisi. Na ule udongo, zile pemba zinazouzwa kwa mafungu karibu na viungo, tafadhali msijidanganye kuwa ni madini. Udongo tumboni hunyang'anya madini ya chakula, na mlaji wake huishia kupungukiwa damu.

Mtoto aliyewahi

Nilisema nitarudi kwa mtoto wa wiki 32. Hapa kuna jambo ambalo taifa zima linapaswa kulitafakari. Kwa takwimu za Serikali, vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 kwa kila watoto hai 100,000 katika uchunguzi wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Tumshukuru Mungu, na wakunga wetu. Lakini vifo vya watoto wachanga wa chini ya siku 28 vilikuwa 25 kwa kila 1,000, na mwaka 2022 vilikuwa 24. Karibu havikusogea. Mama tunamwokoa, mtoto anatuponyoka, na wengi wa watoto hao ni hawa waliozaliwa kabla ya siku zao.

Zamani mtoto mdogo namna hiyo aliwekwa peke yake katika kisanduku cha joto, mama akaruhusiwa kumchungulia. Mwaka 1978, hospitali moja ya Bogotá nchini Kolombia ilikuwa na watoto wengi kuliko visanduku, na daktari Edgar Rey Sanabria akawaambia akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mnyama kangaruu. Njia hiyo ikaenea. Lakini kwa miaka 40 sisi wahudumu tuliitumia kwa mtoto aliyekwisha kupata nafuu tu. Kwanza atulie kwenye mashine, ndipo apewe mama yake.

Kati ya 2017 na 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa moja kati ya hospitali tano, pamoja na za Ghana, Malawi, Nigeria na India, zilizojaribu kugeuza utaratibu huo chini ya Shirika la Afya Duniani. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa kwa kura. Nusu walifuata utaratibu wa zamani. Nusu waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kama walikuwa bado wanahitaji hewa ya oksijeni na dripu, na mama alilazwa pamoja na mtoto katika chumba kile kile cha uangalizi maalumu. Walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Wale wengine, katika siku hizo za mwanzo, walipata saa moja na nusu tu.

Katika kundi la zamani walifariki watoto 157 kwa kila 1,000 ndani ya siku 28. Katika kundi la kifuani, 120. Kamati ya uangalizi ilipoona hivyo ilisimamisha utafiti kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima nusu ya watoto kifua cha mama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kwa nchi zote.

Kwa nini kifua kishinde? Kifua hutoa joto lisilokatika na umeme, ziwa liko karibu, na vijidudu anavyokutana navyo mtoto ni vya mama yake, siyo vya wadi nzima. Watu wa Dar huniambia, “Sista, na joto hili mtoto atapoaje?” Anapoa. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta chini ya ngozi, na feni ya chumba cha kupanga yatosha kumshusha joto usiku mmoja. Kanga mbili, kofia, soksi, nepi, na ngozi kwa ngozi.

Na kama mama mwenyewe hajitambui kwa sababu ya kifafa, au ametoka chumba cha upasuaji? Katika utafiti ule alibeba ndugu mwingine. Bibi, shangazi au mama mdogo anaweza. Baba naye ana kifua. Ninyi akina baba mnaokaa nje ya wodi mkipiga simu, vueni shati mwingie, muuguzi atawaonyesha namna ya kufunga. WAWATA wa parokia zetu, ambao tayari huwatembelea wagonjwa, wangefanya kazi kubwa kumshika mkono mama mlezi wa zamu ya usiku, apate saa mbili za usingizi.

Siyo panya wa majaribio

Najua wapo wanaonung'unika kwamba Wazungu wanatujaribia dawa. Swali hilo ni halali, na historia ya dunia inalo doa la tafiti zilizofanywa kwa kuwadanganya maskini. Kwa sababu hiyo zipo sheria. Utafiti wa tiba hapa nchini hauanzi bila kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mama husomewa maelezo kwa Kiswahili, huuliza, hutia sahihi au dole gumba, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza huduma yake ya kawaida. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, inafundisha jambo hilo hilo: utafiti usiofuata utu wa mtu na ridhaa yake haukubaliki, hata ukileta faida. Mkiombwa kushiriki katika utafiti, ombeni karatasi ya maelezo, ipelekeni nyumbani, isomeni na mume au dada. Asiyewapa nafasi hiyo, mkataeni.

Maswali yenu

Dada mmoja wa jumuiya ya jirani ameuliza kama hatari huisha mtoto akishazaliwa. Haiishi papo hapo. Kifafa chaweza kuja baada ya kujifungua, hasa katika siku mbili za kwanza, na hata wiki kadhaa baadaye. Mama asikimbizwe nyumbani kabla ya saa 24, na kichwa kikimuuma siku ya tano arudi, asiambiwe ni uchovu wa uzazi.

Mwingine ameuliza juu ya mimba ijayo. Aliyewahi kuugua amwone daktari mapema, mimba ikiwa ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa yeye anaweza kuandikiwa aspirini ya kiasi kidogo kila siku. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 kwa akina mama wenye hatari kubwa ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza sana ule ugonjwa unaolazimisha mtoto kutolewa kabla ya wakati. Iandikwe na daktari, isinunuliwe dukani kwa kukisia. Tena, hata asipozaa tena, mama huyo apimwe presha kila mwaka, maana ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kupata presha na ugonjwa wa moyo atakapokuwa mtu mzima.

Na wa mwisho, mama wa mtoto wa wiki tatu, anataka kujua kama aache kunyonyesha kwa sababu anameza dawa za presha. Hapana, mama. Dawa tunazowaandikia wazazi kwa kawaida hazimdhuru mtoto anayenyonya. Endelea kunyonyesha, usiache dawa, na kadi yako uje nayo kliniki.